Kutafuta asili ya rangi za mchoro kwa eksirei: mwongozo kamili, toka kuwasha mashine mpaka kuujua mgodi

Watu wengi wakisikia mchoro umepimwa kwa eksirei wanadhani mashine yenyewe ndo imesema rangi ni ya mwaka gani na imechimbwa wapi, kazi kwisha. Haiko hivyo. Mashine inakwambia elementi zilizopo pale ilipoangalia, basi. Kutoka kwenye elementi kwenda kwenye pigmenti, yaani ule unga unaoipa rangi rangi yake, kuna kazi, na kutoka kwenye pigmenti kwenda kwenye asili yake, yaani kiwanda, mgodi, kipindi, kuna kazi nyingine ngumu zaidi, na majibu mengi ya uongo yanatoka kwa watu walioruka hatua moja kati ya hizo. Kwa hiyo twende taratibu.

Mashine wengi mnaijua hata kama jina hamlijui. XRF (X-ray fluorescence kwa Kiingereza) ni ileile wanunuzi wa dhahabu wanapimia usafi wa mzigo, na wajiolojia wanatembea nayo porini ikiwa na umbo la bunduki. Inarusha eksirei, atomu inapigwa, elektroni ya ndani inatoka, ya juu inashuka kuziba nafasi, na tofauti ya nguvu inatoka kama eksirei nyingine ambayo kila elementi inayo ya kwake na haibadiliki: chuma 6.40 keV (keV ni kipimo cha nguvu ya eksirei), shaba 8.05, zebaki 9.99. Detekta inahesabu na kuchora vilele, ile picha ya vilele ndo tunaiita spektra. Uzuri wake kwa mchoro ni kwamba hukwangui kitu.

Hatua ya 1: kibali na usalama

Tyubu ya XRF inatoa mionzi ya kweli. Tanzania wenye mamlaka ni Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, Kenya ni KNRA, hakikisha mashine ina leseni na anayeitumia amefundishwa. Kitu ambacho watu wa madini hawajakizoea ni hiki: wao wanapima jiwe au kipande cha dhahabu na mionzi mingi inaishia humo, lakini kanvasi haizuii, mionzi inapita mchoro na kutokea upande wa pili. Marufuku mtu kusimama nyuma ya mchoro. Marufuku kuushika huku umebonyeza. Bunduki ifungwe kwenye tripodi, usiishike kwa mkono, maana mkono unatikisika na ukigusa rangi ya miaka 300 utabandua kitu ambacho hakirudi tena. Acha milimita 1 au 2 kati ya pua ya mashine na rangi. Na nyuma ya mchoro pawe wazi kabisa, ukiweka meza ya chuma utasoma chuma cha meza halafu utaandika kwamba msanii alitumia okra, yaani rangi ya udongo wenye chuma.

Hatua ya 2: swali kwanza, halafu tarehe za rangi

Usipime tu ili uone kitakachotoka. Andika swali. Mfano: mchoro huu unasemekana ni wa 1914, je, una kitu ambacho 1914 hakikuwepo? Au: bluu hii imetoka wapi? Swali la kwanza ni rahisi zaidi, kwa sababu pigmenti nyingi za kisasa zinajulikana zilianza lini. Bluu ya Prussia ilipatikana Berlin kati ya 1704 na 1706 hivi. Kijani cha Scheele, chenye shaba na aseniki, ni 1775, na kijani cha zumaridi, shaba na aseniki tena, ni 1814. Kromu kama elementi aliigundua Vauquelin mwaka 1797, kwa hiyo njano ya kromu kwenye mchoro halisi wa 1700 haiwezekani kabisa. Bluu ya kobalti ni kazi ya Thénard, Ufaransa, 1802. Ultramarini ya kiwandani ni 1828. Nyeupe ya titani, ambayo kwa karne ya 20 ndo muhimu kuliko zote, ilianza kutengenezwa viwandani Norway na Marekani kuanzia 1916 hivi na kwenye tyubu za wasanii ikaenea miaka ya 1920.

Han van Meegeren, yule Mholanzi aliyeghushi michoro ya Vermeer, alijitahidi sana kutumia rangi za karne ya 17, ila kwenye mojawapo ya kazi zake ikakutwa bluu ya kobalti, na Vermeer alifariki 1675. Kesi yake ilisikilizwa 1947. Wolfgang Beltracchi naye, Mjerumani, alichora mchoro akadai ni wa Heinrich Campendonk wa 1914, ukauzwa Cologne mwaka 2006 kwa euro milioni 2.88, halafu maabara ikakuta titani. Alikuwa ametumia tyubu ya nyeupe ya zinki ambayo ndani ilikuwa na titani bila kuandikwa kwenye lebo. Akahukumiwa 2011. Kwangu mimi hii ndo kesi ya kufundishia, kwa sababu mtu anayejua kabisa historia ya rangi aliangushwa na elementi moja ambayo hata yeye hakujua kama aliipaka.

Kuna pigmenti nyingine zilizopotea, na hizo mimi nazipenda zaidi. Njano ya risasi na bati ilitumika Ulaya kwa karne nyingi, Vermeer na Rembrandt waliitumia, ikaachwa kufikia 1750 hivi na watu wakasahau hata kwamba ilikuwepo, mpaka Richard Jakobi wa Doerner Institut, Munich, alipoikuta bati kwenye njano za michoro ya zamani mwaka 1941. Sasa fikiria, mtu aliyekuwa anaghushi mwaka 1890 asingeweza kuiweka kwa sababu hakuna aliyekuwa anaijua. Ukiona risasi na bati pamoja kwenye njano, na karatasi za mchoro zinaonyesha ulikuwepo kabla ya 1941, una ushahidi mzito.

Kwetu mambo yanakuwa tofauti kidogo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na akafariki 1972, akitumia rangi ya enameli ya dukani juu ya hadibodi, kwa hiyo kukuta titani kwenye mchoro unaosemekana ni wa mkono wake hakuthibitishi wala hakukanushi chochote, titani ilikuwa kila mahali. Tarehe za pigmenti zinasaidia pale tu ambapo kipindi kinachobishaniwa kinaangukia upande mmoja wa tarehe hizo.

Hatua ya 3: kuchagua sehemu za kupima

Zima taa, washa taa ya UV. Vanishi ya zamani itang'aa kijanikijani na viraka vilivyopakwa baadaye na mafundi wa ukarabati mara nyingi vitaonekana vyeusi. Sehemu hizo usizipime kama rangi ya msanii, au zipime kwa makusudi ukijua unachopima. Titani kwenye kiraka cha mwaka 1960 haimaanishi mchoro ni feki, na kosa hili limeshachafua michoro mizuri bila sababu.

Kwa kila rangi chukua sehemu tatu hivi zilizo mbalimbali. Pima pia pembeni kabisa, pale tabaka la msingi linapoonekana peke yake, na kanvasi tupu kwa nyuma kama inafikika. Vipimo hivi vya msingi watu wanaviruka kwa uvivu lakini bila hivyo hujui kalsiamu inayojitokeza ni ya chaki ya chini au ya rangi ya juu. Mantiki ni hiyohiyo kwenye michoro ya miambani ya Kondoa: rangi nyekundu ni ya chuma, na mwamba wenyewe una chuma, kwa hiyo usipopima mwamba mtupu wa pembeni hujapima chochote. Weka alama za sehemu zote kwenye picha ya mchoro, zipe namba.

Hatua ya 4: setingi

Kwanza kabisa toka kwenye modi ya aloi, modi ya udongo na modi ya madini. Zile asilimia zinazotokea kwenye skrini zimekokotolewa kwa kudhani kitu chote ni cha aina moja mpaka ndani, na mchoro ni matabaka membamba juu ya matabaka. Asilimia hizo hazina maana hapa, usizinakili popote. Tunachotaka ni spektra ghafi.

Kila sehemu ipime mara mbili. Mara ya kwanza volti ndogo, 15 kV, bila filta, na kama mashine ina heliamu iwashe, hapo unatafuta elementi nyepesi: alumini, silikoni, salfa, potasiamu, kalsiamu. Hewa inazila eksirei nyepesi, ndo maana ile milimita ya nafasi usiiache ikawa tano. Mara ya pili volti kubwa, na hapa nasisitiza 50 kV siyo 40, kwa filta, unatafuta kadimiamu, bati, antimoni na bariamu. Sekunde 60 mpaka 120 kila kipimo. Jua pia tyubu yako ni ya rodiamu au ya fedha, maana vilele vyake vitatokea kwenye kila spektra, pamoja na kilele kidogo cha argoni ya hewani pale 2.96, hivyo siyo vya mchoro.

Hatua ya 5: kusoma vilele, na mahali vinapogongana

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakaa sana. Programu ya mashine itakuwekea majina ya elementi juu ya vilele. Usiyaamini. Kuna elementi zinazokaa karibu mno kiasi kwamba detekta haiwezi kuzitenganisha, na bahati mbaya ni zilezile zinazoamua kesi.

Titani na bariamu. Titani iko 4.51 keV, bariamu kwa mstari wake wa L iko 4.47 (mstari ni nguvu ambayo kilele kinatokea, na herufi K au L inataja ganda la elektroni lililobaki na nafasi). Bariamu salfeti ni kijazio cha kawaida sana kwenye rangi za karne ya 19, mashine ikikwambia "titani" kwenye mchoro wa 1880 unaweza kumharibia mtu jina bure. Ndo maana ya 50 kV: bariamu ina mistari mingine ya K karibu na 32 keV, na ili uiamshe unahitaji kuvuka 37.4 vizuri. Kikiwepo kilele pale 32, bariamu ipo, halafu angalia kama vilele vyake vya L vya pembeni, 4.83 na 5.53, vinalingana na ukubwa wa kile cha 4.47. Kama kile cha kwanza kimezidi, titani nayo ipo. Na hata ikiwepo kidogo usikimbilie, okra na udongo vina titani kidogo ya asili ikiambatana na chuma. Nyeupe ya titani inatoa kilele kikubwa mahali peupe, siyo alama hafifu kwenye kahawia.

Aseniki na risasi. Aseniki 10.54, risasi 10.55, huwezi kuzitofautisha kwa kilele hicho hata ufanyeje. Nenda kwenye 11.73, pale aseniki ina mstari wa pili na risasi haina kitu kikubwa. Pia linganisha kilele cha risasi cha 10.55 na kile cha 12.61 kwenye nyeupe safi ya risasi ya mchoro huohuo, halafu angalia kama kwenye njano au kijani uwiano umebadilika.

Kobalti na chuma: kobalti 6.93, mkia wa chuma 7.06. Bluu yenye uchafu wa okra itakudanganya kirahisi. Salfa na risasi: 2.31 na 2.35, kwa hiyo usiseme umeona salfa popote penye risasi. Kromu na manganizi pia, mstari wa pili wa kromu uko 5.95 na manganizi iko 5.90. Sheria ni moja: elementi haijathibitishwa mpaka uone angalau mistari yake miwili, na kwa uwiano unaoeleweka.

Hatua ya 6: kujua kitu kiko juu au chini

Eksirei inapenya, spektra moja inachanganya vanishi, rangi, rangi ya chini, mpaka tabaka la msingi. Kuna mbinu nzuri sana kwa risasi. Mstari wake wa 2.35 ni dhaifu, hauwezi kupita hata rangi nyembamba, ila wa 10.55 na 12.61 unapita. Ukiona wa juu una nguvu na wa 2.35 haupo, risasi imefunikwa, iko chini. Ukiuona wote, risasi iko juu. Vilevile kama kilele cha 10.55 kimepungua kuliko cha 12.61 ukilinganisha na risasi iliyo wazi, kuna kitu kimeikalia.

Kwa kiwango kikubwa zaidi ndo wanavyoskani mchoro wote nukta kwa nukta na kutengeneza ramani ya kila elementi. Mwaka 2008 timu ya Joris Dik na Koen Janssens walipeleka mchoro wa majani wa van Gogh kwenye sinkrotroni, yaani mashine kubwa ya kutoa eksirei kali, ya kituo cha DESY, Hamburg, na ramani za zebaki na antimoni zikaonyesha sura ya mwanamke iliyofichwa chini ya majani. Zebaki ya midomo, antimoni ya mwanga usoni. Picha ya kawaida ya eksirei isingetenganisha hivyo.

Hatua ya 7: kutoka elementi kwenda pigmenti

Nyekundu yenye zebaki ni vamilioni, hapo hakuna ubishi mwingi. Nyekundu yenye chuma ni okra. Nyekundu isiyo na kitu labda ni ya mdudu au mmea, kama kochinili. Njano yenye risasi na antimoni ni njano ya Naples. Bluu ndo shughuli: shaba ni azuriti, kobalti pamoja na potasiamu na silikoni ni smalti, yaani kioo cha bluu kilichosagwa, chuma kidogo inaweza kuwa Prussia, na kama bluu inakung'alia machoni lakini spektra iko kimya basi fikiria ultramarini, ambayo imeundwa na elementi nyepesi, au indigo. Ukimya nao ni jibu, mradi ulipima kwa 15 kV pia. Na sehemu ya kijivu yenye kobalti inawezekana ilikuwa bluu siku zake, smalti hufifia kadiri potasiamu inavyotoka.

XRF ina ukomo hapa. Azuriti ya bluu na malakiti ya kijani zote ni shaba na kaboni, mashine inaona shaba tu. Hapo unahitaji XRD (X-ray diffraction), eksirei zilezile ila safari hii unapima pembe zinazorudi kutoka kwenye mpangilio wa fuwele, na kila fuwele ina mpangilio wake. XRD inatenganisha azuriti na malakiti, inatenganisha anatasi na rutili, aina mbili za titani, na hii ina maana kwa tarehe kwa sababu anatasi ilitangulia na rutili ikaingia sokoni baadaye, karibu na miaka ya 1940. Ndo njia iliyoonyesha mwaka 2023 kwamba tabaka la msingi la Mona Lisa lina plambonakriti, mchanganyiko wa risasi usio wa kawaida unaojitokeza pale mafuta yanapoandaliwa kwa oksidi ya risasi. Kwa kawaida inahitaji punje ndogo ya rangi au mashine ya gharama, kwa hiyo ipeleke sehemu chache tu ambazo XRF imekuachia swali.

Hatua ya 8: asili yenyewe

Sasa ndo tunaingia kwenye asili. Unachofuata siyo elementi kuu ya pigmenti, ni uchafu wake, zile elementi ndogo zilizotoka nazo mgodini. Smalti ni mfano bora. Kobalti nyingi ya Ulaya toka karne ya 16 ilitoka milima ya Erzgebirge, Saxony, maeneo ya Schneeberg, Ujerumani, na pale kobalti inaambatana na nikeli, aseniki na bismathi. Ukiona kobalti na nikeli pale 7.48, na dalili za aseniki, unaanza kuielekea Saxony. Lakini smalti mara nyingi ilichanganywa na nyeupe ya risasi, na risasi inaifunika aseniki kama nilivyosema juu, kwa hiyo nikeli ndo itakuwa shahidi wako mkuu na aseniki utaisemea pale tu 11.73 ikiwa wazi.

Ultramarini ya asili inatoka kwenye lapisi lazuli, na kwa michoro ya Ulaya ya zamani chanzo kinachojulikana ni Sar-i Sang, Badakhshan, Afghanistan. Ila bunduki ya XRF haiwezi kusema hili jiwe ni la Badakhshan au la kwingine, hiyo inafanywa kwa kuchunguza madini yaliyoshikamana na lapisi punje kwa punje chini ya miale myembamba ya maabara kubwa.

Risasi nyeupe ndo yenye hadithi ndefu kuliko zote na eksirei haiiwezi peke yake. Risasi ya kila mgodi ina uwiano wake wa isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti, 206, 207 na 208 dhidi ya 204, na XRF haioni isotopu. Unahitaji sampuli ndogo sana na spektromita ya masi, mashine inayotenganisha atomu kwa uzito. Kwa njia hiyo watafiti wameona risasi nyeupe ya michoro ya Uholanzi ya karne ya 17 ikibadilika isotopu zake kipindi cha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, vilivyoanza 1642, kwa sababu Uingereza ndo ilikuwa inauza risasi nyingi na biashara ikavurugika. Kazi ya XRF hapa ni kukuonyesha sampuli ichukuliwe wapi: mahali penye risasi ya juu, safi, isiyo na kiraka, kwa kutumia ile mbinu ya 2.35. Usichukue sampuli bila mhifadhi wa mchoro kuwepo na bila mwenye mchoro kukubali kwa maandishi, ichukuliwe kwenye ufa uliopo tayari au pembeni inapofunikwa na fremu.

Hatua ya 9: kuandika

Kwa kila sehemu andika namba yake, picha, volti, filta, muda, umbali, na elementi zilizothibitishwa kwa mistari miwili. Halafu kwenye safu nyingine pigmenti unayoipendekeza na sababu. Safu ya tatu ni asili, na safu hii mara nyingi itabaki tupu, iache tupu. Tumia maneno yanayolingana na ushahidi: "ina risasi na bati" ni kipimo, "inaendana na njano ya risasi na bati" ni tafsiri, "mchoro ni wa kabla ya 1750" ni hoja inayohitaji na karatasi za umiliki. Hifadhi faili ghafi za spektra zote hata zile mbaya, pamoja na kipimo cha kipande cha rejea, ambacho elementi zake zinajulikana tayari, ulichopima asubuhi na jioni, maana mwingine akitaka kuhakiki miaka kumi baadaye ataanzia kwenye faili hizo, siyo kwenye ripoti yako.